Kibodi Kuukuu Hupimika Bila Mashine Yake

Kuna kauli moja inayorudiwa kwenye meza za mafundi wa kompyuta wa mtaa wa Ngagara, Bujumbura, na haisemwi kwa nia mbaya. Mteja anavuta kibodi nzito ya zamani kutoka kwenye rundo, anaipangusa vumbi, anauliza: "Fundi, hii inafanya kazi?" Fundi anaitazama plagi, kisha anatikisa kichwa. "Mzee, hiyo bila mashine yake haipimiki. Lete mashine ndipo nikwambie." Mteja hana mashine, ilishauzwa kwa wanunuzi wa chuma chakavu, au ilibaki katika ofisi ilikotoka. Basi kibodi inarudi kwenye rundo, na rundo likizidi linapelekwa jalalani Buterere pamoja na taka nyingine za jiji.

Nauheshimu uangalifu uliomo katika kauli hiyo, lakini nazipenda kibodi hizi kiasi cha kutoweza kuiacha ipite hivi hivi. Inachanganya maswali mawili. La kwanza ni swali la afya: je, kibodi hii ni nzima? La pili ni swali la maelewano: je, kibodi hii itaelewana na mashine fulani? La pili linaihitaji mashine, hilo halina ubishi. La kwanza haliihitaji hata kidogo, na mara nyingi hujibiwa vizuri zaidi mashine ikiwa mbali.

WANAOKATAA WANA SABABU ZAO

Tuanze na upande wa pili, maana wanaosema hivyo si wavivu wala si wajinga. Wana sababu nne.

Kwanza, plagi hudanganya. IBM ilipotoa PC yake mwaka 1981, kibodi yake ya vitufe 83 ilikuwa na plagi ya mviringo yenye pini 5. Mwaka 1984 ikaja PC/AT na kibodi ya vitufe 84, plagi ikiwa ile ile. Lakini mazungumzo yalibadilika: kibodi ya kwanza hutuma tu, haipokei amri, ya pili hutuma na kupokea, na misimbo yake ni mingine. Ukiichomeka ya 1981 kwenye mashine ya 1984, plagi itaingia bila shida na hakuna herufi itakayotokea. Aliyeliona jambo hilo kwa macho yake ana haki ya kushuku kila plagi.

Pili, kuna hatari ya umeme. Kibodi nyingi za kompyuta za mezani hutumia volti 5, ila si zote. LK201, ambayo kampuni ya Digital iliitengeneza kwa ajili ya terminali zake za VT220 mwanzoni mwa miaka ya 1980, hulishwa volti 12. Kibodi ya Macintosh ya 1984 nayo ina waya wa msokoto wenye plagi kama ya mkono wa simu, ilhali waya wa simu wenyewe umepishanishwa ndani. Ukiutumia kwa kudhani ni mamoja, unaweza kuharibu kifaa kilichokaa salama miaka 40.

Tatu, adapta zimewavunja watu moyo. Madukani kuna vipande vidogo vinavyogeuza plagi ya PS/2 kuwa ya USB. Ndani hamna chochote ila nyaya. Vinafaa kwa kibodi zilizotengenezwa zikijua lugha zote mbili; kibodi ya 1987 haiwezi kujua USB, kwa sababu USB ilikuwa bado haijabuniwa. Mtu anachomeka, anaona kimya, anahitimisha kwamba kibodi imekufa. Fundi anayekataa kupima kwa njia hiyo anakataa jambo baya, na yuko sahihi.

Nne, kazi yenyewe imewafundisha hivyo. Mafundi wengi walijifunza kwa kubadilishana vipuri: toa hiki, weka kile, washa, tazama. Majirani waliiwekea Burundi vikwazo vya uchumi mwishoni mwa Julai 1996, na havikusimamishwa hadi Januari 1999. Katika miaka ya namna hiyo, aliyetaka kipuri alikitoa kwenye mashine nyingine, na mashine iliyokuwa ikiwaka ndiyo ilikuwa kipimo. Hiyo ni elimu iliyotokana na dhiki. Si ya kubezwa.

Sababu zote nne ni za kweli. Hata hivyo, zitazame tena moja moja. Ya kwanza inahusu maelewano, wala haigusi afya. Ya pili inatutaka tusome kabla ya kuchomeka. Ya tatu inalaumu kifaa kibovu cha kupimia. Ya nne inaeleza zoea lilikotoka. Ingawa zina uzito, hakuna hata moja inayothibitisha kwamba afya ya kibodi haiwezi kujulikana mpaka mashine yake ipatikane.

KIBODI NI MASHINE KAMILI

Hoja yangu ya kwanza iko ndani ya kibodi yenyewe. Ukiifungua kibodi ya IBM ya 1981 utakuta chipu ya Intel 8048, yaani kompyuta ndogo yenye kumbukumbu na programu yake. Kazi yake ni kuzipitia safu za vitufe tena na tena, kutambua kipi kimebonyezwa na kipi kimeachiwa, kisha kutuma namba. Yote hayo hukamilika kabla alama haijaingia kwenye waya. Hata mapigo ya saa yanayoongoza mazungumzo hutolewa na kibodi. Upande wa pili kazi yake ni kuyafuata.

Tena namba hiyo si herufi. Hapa Bujumbura ushahidi uko chini ya vidole vyetu, kwa kuwa tunaishi na kibodi za AZERTY, za Kifaransa na za Kibelgiji, huku za QWERTY zikituingilia kutoka upande wa Dar es Salaam na Nairobi. Bonyeza A kwenye AZERTY ya aina ya AT: inatuma 15, kwa hesabu ya msingi wa 16. Bonyeza Q kwenye QWERTY ya aina hiyo hiyo: inatuma 15 vile vile. Kwa kibodi, hicho ni kitufe cha kwanza katika safu ya juu ya herufi, basi. Maandishi yaliyo juu yake ni rangi tu. Kama 15 ni A au ni Q, mashine ndiyo inayoamua kwa mipangilio yake. Kila aliyewahi kuandika "avec" akaona "qvec" kwenye skrini ameshakutana na jambo hili: kibodi ilikuwa nzima, na mashine ndiyo iliyokuwa imepangwa vibaya.

Kutokana na hilo kuna jambo linalofuata kwa lazima. Ikiwa herufi hutolewa na mashine, basi anayetazama herufi kwenye skrini anapima vitu viwili kwa mpigo mmoja. Anayetaka kuipima kibodi na aitazame namba.

Hoja ya pili: kibodi hujikagua yenyewe. Ya aina ya AT au PS/2 ikipata volti 5 hujipima kwa muda usiofika sekunde moja. Taa zake tatu huwaka pamoja na kuzimika, kisha inatuma AA kama imejiona nzima, au FC kama imekuta hitilafu. Haingoji idhini ya mashine. Kibodi za Amiga za Commodore zinakwenda mbali zaidi: ukaguzi ukishindwa, taa ya Caps Lock hukonyeza mara 1 ikiwa kasoro iko kwenye programu ya ndani, mara 2 ikiwa ni kumbukumbu, mara 3 ikiwa ni saa ya ulinzi wa chipu. LK201 nayo, ikishapata volti zake 12, hutuma baiti 4 za taarifa kuhusu hali yake. Uwezo wa kupimwa peke yake umo ndani ya kibodi tangu kiwandani. Hakuna daktari anayekataa kumpima mume mapigo ya moyo kwa kuwa mke hajafika.

Hoja ya tatu: mashine ya asili ni shahidi dhaifu kuliko tunavyodhani. Fikiria inavyopita alama. Kwenye PC/AT, kila msimbo unaotoka kwenye kibodi unapokewa na chipu ya 8042, ambayo huutafsiri kuwa msimbo wa mtindo wa 1981 kabla prosesa haijauona. Chipu hiyo ikiugua, kibodi nzima itaonekana mbovu. Bodi nyingi zina fyuzi ndogo kwenye laini ya umeme wa kibodi, na huungua mtu akichomeka au kuchomoa mashine ikiwa imewaka. Ikiungua, kila kibodi utakayoleta itakuwa "imekufa". Bodi za mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa 1990 zilikuwa na betri za nikeli na kadimiamu ambazo huvuja na kula njia za shaba, mara nyingi jirani na soketi ya kibodi. Na IBM ikiandika 301 wakati wa kuwaka, inasema kuna tatizo la kibodi. Lakini itaandika 301 hata kama kibodi ni nzima na waya haujakaa sawasawa.

Kuna hata mashine zinazoua. Kisanduku cha umeme cha Commodore 64 kinajulikana kwa tabia moja mbaya: kikizeeka, volti 5 zake hupanda badala ya kushuka, na huunguza chipu za kumbukumbu. Anayesema "lete mashine yake" anaweza kuwa anaagiza moto.

Basi tazama mantiki yake. Una kibodi usiyoijua hali yake, unaiunganisha na mashine ya miaka 35 usiyoijua hali yake pia. Zikikubali, umejua zote mbili ni nzima, sawa. Zisipokubali, kimya hicho hakikuambii ni ipi yenye kosa. Kipimo kinachosema kweli upande mmoja tu hakistahili kuitwa kipimo cha mwisho.

Na mashine hiyo itatoka wapi? Ukanda wetu haukuzipata kwa wingi. Tanzania ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta mwaka 1974, na ilichukua miaka mingi kulegeza. Hapa kwetu vita na vikwazo vilifuata. Kumwambia mteja wa Ngagara atafute PC/AT ya 1984 ni kumwambia aende zake kwa lugha ya adabu.

Hoja ya nne: hata mashine ikiwa nzima, huficha maradhi. Kibodi ya AT hutuma msimbo mara mbili kwa kila kitufe: 1C, kwa mfano, kinapobonyezwa, kisha F0 1C kinapoachiwa. Skrini inakuonyesha herufi moja tu. Kitufe kikiwa na kutu kinaweza kuruka na kutuma 1C mara mbili kwa mguso mmoja, au kupoteza ile F0 mara moja kati ya mara nyingi. Ikipotea kwenye Shift, mwandishi ataona herufi kubwa zisizokoma na atailaumu programu. Anayetazama misimbo ataliona kosa linapotokea, na ataona ni la kitufe kipi.

KUPIMA MEZANI

Baada ya hoja, tuweke kibodi mezani. Vifaa ni vichache: mita ya umeme, chanzo cha volti 5, nyaya, rezista kadhaa, na bodi ndogo ya kuprogramiwa. Vyote vinaenea kwenye mfuko mmoja wa nailoni.

1. Soma kabla ya kugusa. Geuza kibodi, tafuta lebo, uone kama imeandikwa volti na ampea. Hesabu pini. Pini 5 za mviringo mkubwa huashiria XT, yaani mtindo wa 1981, au AT. Pini 6 za mviringo mdogo, PS/2, iliyoanza 1987. Pini 8 za mviringo mdogo, pengine Sun. Pini 4 za mviringo mdogo, Apple ADB. Plagi ya kama simu, simama ufikiri. Angalia pia swichi chini ya kibodi: nyingi za miaka ya 1980 zina kibonyezo cha kuchagua XT au AT, na hapo fumbo zima la plagi linayeyuka.

2. Tumia mita kabla ya umeme. Kwenye plagi ya pini 5, namba hazifuatani kama unavyotarajia: ukizunguka upinde zinakwenda 1, 4, 2, 5, 3. Hasi iko 4, chanya 5, saa 1, data 2. Kwenye ile ya pini 6, data iko 1, hasi 3, chanya 4, saa 5. Usiamini mchoro peke yake. Fungua kibodi, weka ncha moja ya mita kwenye mguu wa hasi wa chipu na nyingine kwenye pini, usikilize mlio. Hakikisha pia chanya na hasi hazijagusana. Hatua hii inajibu hofu ya kukosea pini kikamilifu: hulazimiki kukisia ni pini ipi, kwa sababu shaba yenyewe imekuonyesha.

3. Lisha volti 5. Chaja ya simu iliyopimwa kwanza kwa mita inatosha, hata pawabenki. Hapa kuna kituko kimoja cha kujua: kibodi za miaka ya karibuni hula umeme kidogo mno, hata pawabenki hudhani hakuna kitu kilichounganishwa na kujizima. Fundi asiyejua atasema kibodi imezimika. Weka mita ya ampea katikati: kibodi ya zamani huonyesha makumi au mamia ya miliampea, sifuri ni waya uliokatika, na mkondo unaopanda bila kukoma ni hitilafu ya ndani, chomoa. Kama ni AT au PS/2, tazama taa tatu. Zikiwaka na kuzimika, chipu iko hai, nawe hujagusa kompyuta yoyote.

4. Sikiliza. Bodi yenye chipu ya ATmega32U4, kama Teensy 2.0 au Pro Micro, inaunganishwa na nyaya nne: hasi, chanya, saa, data. Programu ya bure inayojulikana kama Soarer's Converter hutambua yenyewe kama inazungumza na XT au AT na misimbo ni ya seti ipi, na programu nyingine ndogo, hid_listen, huonyesha misimbo hiyo kwenye skrini ya kompyuta yoyote yenye USB. Mtu atasema: basi bado unahitaji kompyuta. Ndiyo, lakini yoyote, hata laptopu ya jirani. Hoja haikuwa kwamba hatuhitaji kifaa cha kusikilizia. Ilikuwa kwamba hatuhitaji mashine ile ya asili.

5. Bonyeza kila kitufe polepole, uone msimbo wa kushuka na wa kuachia. Kisha bonyeza haraka. Kisha vitufe viwili na vitatu pamoja. Kisha iache ikae na umeme mpaka ipate joto, urudie. Kasoro nyingi za kulehemu hujitokeza baada ya joto.

6. Soma sura ya ugonjwa. Kitufe kimoja kimekufa: kosa liko kwenye kitufe hicho. Vitufe kadhaa vilivyotawanyika vimekufa kwa pamoja: yaelekea viko kwenye safu moja ya saketi, na kosa ni njia iliyokatika au kiungo cha karatasi ya plastiki kilicholegea. Vyote vimekufa lakini taa ziliwaka: tafuta kwenye waya wa data au wa saa. Vyote vimekufa na taa hazikuwaka: tafuta kwenye umeme na chipu. Kibodi iliyomwagikiwa soda huonyesha sura ya pili. Ukiitenganisha utakuta doa la kahawia ambapo sukari na unyevu vimekula mstari wa fedha kwenye plastiki. Mita ikikaa pande mbili za doa hailii. Ikisogezwa kabla ya doa, inalia. Mashine ya IBM yenyewe isingekupeleka mpaka kwenye doa hilo.

Kwa kibodi ambazo hazina chipu kabisa, kazi ni nyepesi zaidi. Kibodi ya Commodore 64 ina vitufe 66 vilivyopangwa kwenye safu 8 kwa 8, isipokuwa RESTORE yenye njia yake na SHIFT LOCK inayoshirikiana na Shift ya kushoto. Ya ZX Spectrum ya 1982 ina vitufe 40, safu 8 kwa 5. Hizo ni swichi tupu. Mita peke yake inazimaliza: weka ncha kwenye safu mbili, bonyeza, soma upinzani, endelea.

MIPAKA YA HOJA HII

Hoja inayojiheshimu hutaja mipaka yake. Nakubali mambo manne.

La kwanza, zipo kibodi zisizosema mpaka ziulizwe. Za Apple ADB, zilizoanza na Apple IIGS mwaka 1986, hungoja mashine iziulize zamu kwa zamu. Za Amiga hutaka zijibiwe kwa ishara fupi kila zinapotuma msimbo, la sivyo hudhani hazijasikika na kuanza kutafuta upya maelewano. Kusikiliza tu hakutoshi kwa hizo. Lakini bodi ile ile ndogo inaweza kuprogramiwa iulize na ijibu. Kinachohitajika ni lugha ya mashine, wala si mashine.

La pili, mita haipimi kila kitufe. Kibodi za IBM za Model F na zile za sponji na karatasi ya metali za Key Tronic hutambua mguso kwa mabadiliko ya uwezo wa kuhifadhi chaji. Hakuna ncha zinazogusana. Mita itasema zote zimekufa hata zikiwa nzima. Hapo sharti upime kupitia chipu ya kibodi yenyewe, kwa misimbo.

La tatu, bodi ya kupimia nayo yaweza kudhurika. Pini za Raspberry Pi zinavumilia volti 3.3 tu, na laini za kibodi hizi zinapanda hadi 5. Tumia bodi ya volti 5, au weka kigeuzi cha volti katikati.

La nne, ambalo ni kubwa kuliko yote: kibodi ikipita vipimo hivi vyote, bado huwezi kuapa kwamba itafanya kazi kwenye mashine fulani. Ya 1981 itakuwa nzima kabisa na itanyamaza kwenye AT. Mteja anayetaka kuitumia kwenye mashine yake maalumu na ailete mashine hiyo, na hapo fundi anayesema "lete tuone" anasema kweli. Ninachokataa ni kulitumia jibu hilo kwa swali lingine.

KWA NINI LINATUHUSU NGAGARA

Mtu anaweza kuuliza faida ya ubishi huu katika mtaa ambao wateja wengi wanataka simu zao zitengenezwe. Faida zipo tatu.

Kwanza, umeme. Shirika la umeme, REGIDESO, linapokata, kompyuta ya mezani na skrini yake havipimi kitu. Kibodi, bodi ndogo, laptopu yenye chaji na pawabenki vinaendelea. Njia isiyohitaji mashine ya asili ndiyo njia inayoendana na hali yetu.

Pili, fedha za kigeni ni adimu Burundi, na kila kifaa kinachotoka nje kinagharimu kwa namna hiyo. Kibodi nzima iliyotupwa kwa kukosa kipimo ni hasara tuliyojitakia. Na hizi za zamani si takataka: kibodi za Model M, ambazo IBM ilianza kuzitoa 1985, zina springi chini ya kila kitufe, na zinatafutwa na wapenzi wa kibodi Ulaya na Marekani. Inayouzwa na taarifa ya vipimo vyake, kitufe kwa kitufe, ina bei yake. Inayouzwa kwa neno la "labda" huuzwa kwa bei ya plastiki.

Tatu, heshima ya ufundi. Wazee wa mtaa huu, ambao bado wengine wanauita OCAF kwa jina la ofisi ya Wabelgiji iliyoujenga miaka ya 1950, wamewaona mafundi redio wakipima taa, spika na transfoma kimoja kimoja juu ya meza. Hakuna aliyemtaka mteja alete kituo cha matangazo ndipo redio ipimwe. Kibodi inastahili ufundi ule ule wa kipande kwa kipande.

Kwa hiyo, kwa fundi anayesoma haya: usimwambie mteja kwamba kibodi haipimiki. Mwambie, "Nitakupimia kama ni nzima; ukitaka kujua kama itakubali mashine yako, ulete hiyo mashine." Toza kwa kazi ya kwanza, na umwandikie vitufe vinavyojibu na visivyojibu. Kwa mnunuzi: usinunue kwa "labda". Omba kuziona taa zikiwaka na misimbo ikipita, kitufe kwa kitufe, na lipa kulingana na hiyo orodha.